Mkono wa Udi

Nshachoka, na si kwa skuli. Skuli nalala nyuma ya yule mwenzetu mwenye kichwa kikubwa, mwalimu hanioni. Nimechoka mkono wa kulia.

Mkono huu ami yangu aliufunza kupiga udi tangu sina meno ya mbele. Risha, ule unyoya wa kupigia, hutetemeka juu ya nyuzi bila kupumzika. Kila upenyo kati ya sauti ujazwe. Kisha nikawasikia wapiga jazi wa klabu moja ya mtaa wa Ng'ambo wakifanya mazoezi alasiri, nikaharibika. Mpiga gitaa wao, fundi cherehani mwenye tumbo la kuheshimika, hatumii risha. Anapiga kwa dole gumba, kivivu, kama anayemfukuza nzi asiyemchukia. Anapiga sauti tatu, anaacha. Hapo saksafoni inapita. Sijapata kumsikia mtu akinyamaza vizuri namna ile.

Nilimganda miezi, mpaka akakubali nipige gitaa la pili kwenye dansi la alasiri, siku ya pili ya Idi. Nikifaulu, nafasi yangu moja kwa moja. Sharti: dole gumba tu, na nisijaze. Nikajifunza hadi dole likavimba, ami akauliza kama nimeumwa na tandu.

Siku yenyewe, nyimbo mbili nilipiga kama mzee aliyestaafu. Ya tatu, dole likakataa. Nikachomoa risha mfukoni, nikajiambia kidogo tu. Mkono ukaenda kwao.

Wachezaji wakapunguza miguu, wakasimama. Wengine wakavuta viti wakae wasikilize. Bi mmoja mnene akaja polepole, mabega yakicheza, noti vidoleni, akanitunza kwa kunibandika kifuani kama tumo kwenye taarab. Vigelegele. Nami, mjinga, nikazidi kutetemesha.

Mpiga saksafoni akashusha chombo chake. Fundi hakukasirika, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alingoja wimbo uishe.

"Mwanangu, umepiga vizuri sana," aliniambia. "Lakini tazama. Nani anacheza?"

Hapakuwa na mtu.

Akaniomba niweke gitaa chini. Wimbo wa nne alipiga peke yake: sauti tatu, akaacha. Viti vikarudi ukutani, watu wakashikana mikono, na yule bi naye akacheza, tena kwa raha kuliko aliponitunza.

Siku hizi nnakwenda mazoezini kusikiliza tu. Juzi fundi aliniuliza kama dole limepona. Nikamwambia bado. Limepona zamani, ila nimechoka kutoa ahadi kwa niaba ya mkono mzima.