Laptop Iliyopewa Jina la Bochaberi

Mimi sina dogo, nasema mapema. Mtu akinikanyaga kidole namwambia papo hapo, na akishaomba radhi namwambia tena. Kwa hiyo miaka tisa hii niliyokaa chumba kimoja na fundi Angwenyi hapa Nyamira mjini, watu hudhani nimeshammaliza kwa maneno. Wapi! Yule bwana hagombeki. Upande wangu nauza chaja, kava za simu na vikorokoro vya waya. Upande wake ana meza, taa, mswaki wa kupangusia vumbi la laptop, na mgongo ulioinama. Ukimfokea anainua miwani, anakutazama, anasema, "Pole, Mama Ismael," hata kama kosa ni lako. Inaudhi, wallahi.

Hutoka kwake Magwagwa kila asubuhi na ndizi za kuchemsha kwenye kopo na chai kwenye thamosi. Ni Msabato wa kweli, si wa kutajwa tu. Ijumaa ikifika saa kumi anafunga kazi, awe amemaliza au hajamaliza, ili jua lisije likatua naye bado ana bisibisi mkononi. Nimewaona wakubwa wa maofisini wakimbembeleza, naye akiwajibu, "Rudini Jumapili."

Na ukutani amebandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: KOPI KWANZA. Ukimletea laptop, kabla hajagusa hata skrubu moja, atakuuliza kama vitu vyako umevitolea kopi ukaviweka mahali pengine. Kama hujafanya hivyo, anakufanyia yeye, bure. "Mashine inanunuliwa," husema. "Picha ya mama yako hainunuliki." Ikumbuke karatasi hiyo, maana nitairudia.

Angwenyi na mkewe Phanice walijaliwa binti mmoja tu, Bochaberi. Alikuwa akisoma chuo Kisii, mrefu, mcheshi, akipita dukani kwangu lazima anitanie: "Mama Ismael, leo umemgombeza nani?" Na sauti alikuwa nayo, ya kurithi. Mama yake ndiye alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kanisani kwao. Phanice akifungua kinywa, kanisa zima linamfuata. Bochaberi alizirekodi nyimbo zake mwenyewe kwenye laptop, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anazipanga pamoja, ukisikia unadhani ni kwaya.

Nyumbani Magwagwa alikuwa amewawekea wazazi intaneti, na kando ya rauta akaweka kisanduku cheusi cha kuhifadhia vitu vyake, kikubwa kama nusu mkate. Kila akija nyumbani, laptop yake ikifika tu, kisanduku chenyewe kinachukua nyimbo mpya. Binamu zake walipoanza kukijaza filamu, akakifunga. Akakiambia kisimjue mtu ila laptop yake.

Sasa nieleze, maana hata mimi nilielezwa. Kila laptop huzaliwa kiwandani na namba yake, herufi na tarakimu kumi na mbili, kama kitambulisho. Kisanduku cha Bochaberi kilitazama namba hiyo tu. Ikija nyingine, kimya.

Mwaka jana mwezi wa Agosti Bochaberi alishikwa na nimonia. Siku sita. Siku ya saba walikuwa wanachimba.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa ukagawa vitu vyake. Nguo zikaenda kwa shangazi, viatu kwa huyu, na laptop ikamwangukia binamu yake Geoffrey, aliyekuwa anaanza masomo Nairobi. Kabla ya kuitoa, Angwenyi aliifuta yote. Hakutaka kijana wa watu asome barua za binti yake. Ilikuwa heshima, na kopi aliijua iko wapi, iko kwenye kisanduku. Mwezi haukuisha, Geoffrey akaibiwa ile laptop huko Nairobi. Hapo ndipo fundi alipokwenda kufungua kisanduku, kikamnyamazia. Alijaribu kila paswadi, tarehe za kuzaliwa, jina la ng'ombe. Alitoa diski yenyewe, akaikuta nayo imefungwa.

Na Phanice akaacha kuimba. Kanisani anakwenda, anakaa mahali pake, mdomo umefungwa. Mtu mwingine huanzisha nyimbo, tena anazianzisha juu mno, kanisa linahangaika. Mwaka ulipokaribia kutimia, alimwambia mumewe neno moja: "Sabato ya mwaka wake nataka kumsikia. Mara moja tu. Nikimsikia, nitaimba."

Unafikiri mwanamume angefanya nini? Angwenyi alinunua laptop mpya, ya kisasa kabisa. Akafukua karatasi za binti yake, akapata fomu ya chuo waliyojaza ya kusajili laptop, na namba ile imeandikwa kwa mwandiko wake Bochaberi mwenyewe. Akaniambia ataipa laptop mpya namba ya ile iliyopotea.

"Kwetu tunafanya hivyo," akasema. "Mtu akifa, mtoto atakayezaliwa anapewa jina lake."

"Fundi, laptop si mtoto."

"Najua, Mama Ismael. Pole."

Alianza Jumatatu ya wiki ile ile ya kutimia mwaka. Kwanza akagundua laptop hizi mpya zina tabia ya kujibadilisha namba zenyewe kila zinapokutana na wifi ngeni. Akaizima tabia hiyo. Akaandika namba ya Bochaberi, laptop ikakubali vizuri tu. Akaizima, akaiwasha: imerudi kwenye namba yake ya kiwandani. Akaandika tena. Ikakubali tena, ikarudi tena. Jumanne akabadilisha programu inayoendesha wifi, akaweka ya zamani. Jumatano akaweka nyingine. Nilimsikia akiinong'oneza kwa Ekegusii, lugha yao, taratibu, kama mtu anayembembeleza ndama anywe dawa. Alhamisi hakula ndizi zake.

"Mpigie Ismael!" nikamwambia. Ismael ni mwanangu, ana duka la kompyuta Kisii. "Mpigie, ama unangoja malaika?"

"Ana kazi zake, nisimsumbue."

Ijumaa asubuhi nikapiga mwenyewe, nikamwekea simu sikioni kwa nguvu. Ismael akacheka kidogo, kwa adabu. Akamweleza kwamba wifi za laptop mpya haziruhusu namba yoyote ya kubandikwa, mpaka herufi yake ya pili iwe mbili, au sita, au A, au E. Nje ya hapo zinajifanya zimekubali, kumbe zimekataa. Fundi akaitazama fomu. Ya Bochaberi, ya pili ilikuwa C.

"Tukiibadilisha hiyo moja tu?"

"Kisanduku hakitaijua, Mzee. Itakuwa si yeye." Kisha Ismael akasema, "Tumia waya. Ile adapta ya zamani ya kuchomeka waya wa mtandao haina maringo hayo, inapokea namba yoyote. Lakini niletee diski ya kisanduku kwanza niitolee kopi nzima, hivyo hivyo imefungwa. Ni kubwa, itanichukua mpaka jioni."

Jioni ya Ijumaa. Unaona mtego ulipo? Jioni ni Sabato, na kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Adapta nilikuwa nayo mimi, ndani ya droo, imelala na vumbi lake miaka mitatu bila mnunuzi. Nikaifuta kwa kanga, nikamwekea mezani. Saa nane Phanice akaingia. Alikuwa ameleta kisanduku na rauta kutoka nyumbani, amevifunga kwa leso na kuvipakata, akakaa kwenye benchi langu, hakuniambia hata habari ya siku zote. Alikuwa amekonda yule mama.

Angwenyi aliunganisha nyaya zote, ila mmoja, wa kutoka kwenye laptop. Akainua macho akaitazama karatasi yake ukutani.

"Tungengoja Jumapili," akasema. "Ismael atoe kopi kwanza."

"Kesho ndiyo mwaka," Phanice akajibu.

Fundi akaushika waya, hakuuchomeka. Mimi ndiye niliyesema. Mimi, Ruqiya, na mdomo wangu huu. Nilisema, "Fundi, acha kopi zako! Miaka tisa kopi, kopi, kopi! Mama wa watu hajaimba mwaka mzima, unataka umrudishe nyumbani hivi? Chomeka!"

Akachomeka.

Safari hii namba ilikaa. Akaizima laptop, akaiwasha, ikabaki pale pale. Akafungua orodha ya rauta, ile inayoonyesha vilivyomo nyumbani: simu ya fundi, simu ya Phanice, na chini yake, kwa jina ambalo binti mwenyewe aliipa laptop yake enzi zake, BOCHABERI. Pembeni yake kitone cha kijani.

"Nyasae," Phanice akamwita Mungu. Akanyoosha kidole akaligusa lile jina.

Kisanduku kikawaka taa, kikaanza kuvuma. Nyimbo zikajitokeza kwenye kioo, orodha ndefu, na jina la kila moja. Arobaini na moja, fundi alizihesabu. Moja iliitwa Mama Asubuhi. Phanice akacheka, mara ya kwanza mimi kumsikia tangu Agosti ile, akasema, "Hiyo! Hiyo tulikuwa tukichuma chai. Fungua hiyo."

Fundi alikuwa anausogeza mkono kufungua, na wimbo wa juu kabisa ukatoweka. Kisha wa pili. Kisha kumi kwa mkupuo, kama mtu anapangusa meza.

Akaukamata waya akauvuta mpaka adapta ikaanguka chini. Tulipofungua tena, kulikuwa hakuna kitu. Mama Asubuhi haikuwapo, wala nyingine yoyote.

Alikaa muda mrefu akisoma kwenye kioo maandishi madogo ya mipangilio ya kisanduku. Halafu akatueleza, sauti yake ile ile ya pole. Binti yake alikipanga kisanduku kiwe kioo cha laptop yake. Akiongeza wimbo, nacho kinaongeza. Akifuta, nacho kinafuta. Mwaka mzima kilikuwa kinamngoja. Leo kimemwona amerudi, jina lake, namba yake, na hana wimbo hata mmoja.

"Kimedhani ni yeye," Angwenyi akasema. "Kimedhani amefuta mwenyewe."

Mtoto aliyepewa jina la marehemu huja mtupu, hakumbuki lolote la mwenye jina. Hilo wao wanalijua kuliko mimi. Lakini nani angelifikiria hilo kwa mashine?

Saa kumi ilipofika alifunga kazi kama kawaida. Alipanga vifaa vyake, akakifunga kisanduku kwa leso ile ile. Mimi nililia, sioni haya kusema, nikamwambia, "Nitukane, Baba Bocha. Nitukane leo, mimi ndiye nimekusukuma." Nilitaka anitukane, angenisaidia. Akainua miwani.

"Pole, Mama Ismael," akasema, akamshika mkewe mkono wakatoka.

Ismael alikaa na ile diski wiki mbili. Alijaribu kila dawa anayoijua. Kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa siri, alichokiokota kilikuwa vumbi tu, hakuna hata sekunde moja ya sauti. Aliirudisha mwenyewe mpaka Magwagwa, akashindwa kula chakula alichoandaliwa.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuwaona, Jumapili, na sukari na mkate. Nilimkuta Phanice sebuleni. Ile laptop mpya ilikuwa mezani, imefunguliwa, imechomekwa kwenye chaja, na waya umeingia kwenye rauta. Nikadhani fundi ana kazi anaifanya. Nikanyoosha mkono niisogeze, niweke mkate.

"Usiifunge," Phanice akaniambia upesi.

Nikatazama kioo. Ilikuwa orodha ya rauta. Simu ya Baba Bocha. Simu ya Mama Bocha. BOCHABERI, na kitone chake cha kijani.

Angwenyi akaniambia baadaye, tukiwa nje kwenye migomba, kwamba alitaka kuirudishia laptop namba yake ya kiwandani ili aitumie kazini. Mkewe akakataa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, anakwenda kutazama kama jina lipo. Kwa hiyo laptop ya bei yote ile haijafanya kazi hata siku moja, na yeye anatengenezea watu laptop zao kwa ile yake kuukuu.

"Na wewe umemwachia tu?" nikamuuliza. Nilitaka kugomba, nikaona sina la kugomba.

"Nifanye nini? Niizime mimi?"

Tulikuwa tunakunywa chai stima ilipokatika. Rauta ikazima taa zake zote, na kwenye kioo cha laptop orodha ikabaki tupu, hakuna jina hata moja. Phanice alikuwa amesimama na birika mkononi. Hakumimina. Alisimama hivyo hivyo akitazama, na sisi tukakaa na vikombe vyetu nusu. Sikujua mwanamke anaweza kusimama na birika la moto muda wote huo.

Stima ikarudi. Rauta ikawaka taa moja, ikawaka ya pili. Simu ya Baba Bocha ikatokea. Simu ya Mama Bocha. Halafu tukangoja tena kidogo.

"Amerudi," Phanice akasema, akanimiminia chai.

Mpaka leo hajaimba.