Fundi wa Kikima Anayekataa Gari Lililopashwa Moto

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu wa Julai umeketi juu ya vilima vya Mbooni kama mgeni asiyejua kuaga. Kanyiva anashuka kwenye bodaboda, anaweka kiganja juu ya boneti ya pikapu, kisha anakiondoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Nzuki," anasema polepole, "umefanya nini?"

Nzuki, mwenye pikapu, anatabasamu kwa fahari. "Nimekupashia, fundi. Injini inanguruma tangu saa kumi na moja. Na hii baridi, nikukaribishe na chuma baridi kweli?"

Ukarimu huo ungefaa kwa chai. Kwa gari hili, ni balaa.

Siku tatu mfululizo Nzuki amelalamika kwamba kila asubuhi pedali ya breki inakuwa ngumu, gari halisimami mpaka aikanyage kwa miguu miwili. Lakini akilifikisha gereji saa tatu, pedali ni laini na breki zinashika. Kanyiva amefungua magurudumu yote manne, hakupata kitu. Ni kama mtoto anayelia tumbo usiku kucha, akifika kwa daktari anaomba mandazi.

Ndipo jana akamwambia, "Kesho usiliwashe. Nitakuja likiwa bado limelala."

Nyuma ya pikapu kuna magunia kumi na manne ya avokado. Wanawake watatu wanasubiri kuteremka nayo hadi soko la Salama. Nje ya lango la Nzuki barabara inaporomoka moja kwa moja, na kona ya tatu haina ukingo. Ina hewa tu.

"Leo breki iko sawa," Nzuki anasema akikanyaga. "Laini kama uji."

"Basi twende!" anadakia Mbinya, mama wa miaka sitini na mitatu, mwenye magunia sita kati ya hayo. "Wanunuzi wa Nairobi wanaondoka saa tatu. Wewe msichana, kama ugonjwa huujui, sema tu, tukuombee."

Wenzake wanaangua kicheko. Kanyiva anazima injini, anachomoa funguo na kuzitia mfukoni.

Ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na miaka kumi na moja ya kulala chini ya magari. Siku nzuri humpa shilingi elfu moja na mia mbili. Siku mbaya humpa mafua.

Julai iliyopita alipima gari la mteja saa nne, jua likiwa limetoka, akasema ni zima. Alfajiri iliyofuata liligonga ukuta wa mlima na dereva akavunjika mguu.

"Sikudanganya," anasema. "Gari lilinidanganya mimi, nami nikaupitisha uongo kwake. Tangu siku hiyo siamini gari lililokwisha kunywa chai."

Si kila kelele ya baridi humtisha. "Ile *chwiii* ya asubuhi ni kutu ya umande. Ukifunga breki mara tatu, nne, inaisha. Huko ni kukohoa. Lakini pedali ikikauka, huyo ni mgonjwa."

"Sasa tungoje lipoe?" Nzuki anauliza. "Saa nzima?"

"Hatungoji. Tunalirudishia ugonjwa." Anamgeukia Mbinya. "Mwaitu, mama yangu, niazime leso."

"Hii ya kanisa?"

"Hiyo hiyo."

Anaichovya kwenye pipa la maji ya mvua, anaikamua, anafungua boneti na kuizungusha kwenye mpira mweusi mnene kama kidole gumba. Mpira huo unatoka kwenye injini hadi kwenye busta, kile kifaa cha mviringo kinachousaidia mguu wa dereva. Hewa ikivuja hapo, dereva anabaki na nguvu za mguu wake tu.

Anachovya tena. Na tena. Dakika ishirini zinapita, vidole vyake havina hisia, na vicheko vimeisha. Asipopata kitu, itabidi arudishe funguo.

"Mwaitu, panda kwa usukani."

"Mimi? Hata wilibaro inanishinda!"

"Ndiyo maana. Nzuki ameizoea pedali, ataidekeza."

Nzuki anasukuma mawe mbele ya magurudumu. Mbinya anapanda, anakanyaga mara tano kama anavyoelekezwa, injini ikiwa imezimwa, kisha anashikilia.

"Nikiwasha, kama breki ni nzima, pedali itashuka kidogo chini ya mguu wako," Kanyiva anamweleza, mkono wake ukiwa kwenye funguo.

Injini inawaka.

"Imeshuka?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Msichana, goti linalia! Ni kama kukanyaga kinu!"

Kanyiva anakimbilia boneti, anaiondoa leso, anainamisha sikio. *Ssss.* Karibu na kibanio cha mpira kuna ufa mwembamba kama ukucha. Anauziba kwa kidole gumba.

"Uwi! Imeshuka!" Mbinya anapiga ukelele. "Yenyewe! Imeshuka!"

"Baridi inaukaza mpira, ufa unafunguka," Kanyiva anamwambia Nzuki. "Joto linaulainisha, unajifunga. Ukifika kwangu, uko mzima."

Nzuki anaangalia barabara hadi kona ya tatu. "Na magunia kumi na manne," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Duka la vipuri Kikima linafunguliwa saa mbili. Pikapu inateremka saa tatu kasorobo ikiwa na mpira mpya, na huko Salama inawakuta wanunuzi wamebaki wawili, tena wakaidi. Mbinya anauza kwa bei ya machozi. Hamlaumu fundi ila kwa jambo moja: "Jumapili nitanuka gereji mbele ya pasta."

Kanyiva sasa ana nguzo kumi na mbili kwenye kiploti alichokodi Kikima. Bado mabati.

"Nataka nijenge gesti ya magari," anasema, na hafanyi mzaha. "Yaje jioni, yalale kwa baridi, asubuhi niyaamshe mwenyewe. Wenye magari walale kwao, wasinipashie kitu."

Wiki iliyofuata, Nzuki anasimulia, Mbinya alifika na magunia yake, akayaacha chini na kufungua mlango wa dereva.

"Shuka," alimwambia. "Nikanyage kwanza."

Kanyiva anaposikia hayo anacheka mpaka spana inamwanguka. "Basi mlinzi wa gesti nimempata. Yamebaki mabati."