Kufuli la Simu ya Mzee Ombati

Nikiwa mdogo kule Manga nililamba sukari yote ya nyanya yangu, naye akanunua kufuli. Tangu siku hiyo naheshimu kufuli kuliko chifu. Basi miaka ile ya tisini nilikwenda kwa Mzee Ombati nikiwa mshenga wa mpwa wangu, kumposea binti yake, nikamkuta na simu mpya isiyo na waya. Alihofia majirani watasikia maneno yake. Nikajitia fundi! Nikabonyeza vitufe vyote, nikaufungia mtambo wake wenye kipaza sauti kabatini, nikabaki na ufunguo na kile kipande cha kushika mkononi.

"Sasa hata shetani hasikii," nikasema.

Mzee akataka mahari ya ng'ombe kumi. Nikatoka na simu hadi kwenye migomba, nikampigia shemeji, baba wa huyo mpwa.

"Lia umaskini tu. Huyu mzee ni mjinga, atashuka hadi sita."

Nikarudi nikicheka, simu bado sikioni. Sebuleni kabati ndilo linaongea kwa sauti ya shemeji: "Sita? Mimi nilikuwa nimetenga kumi na wawili!"

"Mshenga," Mzee Ombati akasema kwa upole, "mjinga anaomba ufunguo wake."

Nikauweka mezani, nikachukua kofia, nikashuka kupitia shamba la majani chai. Ng'ombe walitoka kumi na wawili. Mimi sijakanyaga huko tena.