Mizizi Iliyotuliza Tumbo

Mizizi ikichemka maabarani, harufu yake hunirudisha kijijini Dabani, kwenye mkeka alipojikunja mama akishika tumbo. Bodaboda ilikuwa inanguruma uani, tayari kumpeleka hospitali. Nyanya alionja dawa kwanza mbele yetu, mtu asije akadhani ni sumu.

"Kunywa, mwanangu. Mimi nimeshaonja."

Mama alikunywa, akajinyoosha, uso ukalegea. "Haliumi tena," akasema. Baba akatoka kumwambia dereva aende zake, nami nikaikimbiza pikipiki ile hadi barabarani nikicheka.

Jioni nilimpelekea mama uji. Nilipomgusa mkono, ulikuwa baridi.

Leo panya tuliyempa dawa ametulia, hajikunji tena.

"Imefanya kazi," mwanafunzi wangu anasema.

"Usiondoke," namwambia. "Endelea kumtazama."