Jua Lilivyomfuata Kaka Ndani ya Chumba

Kaka yangu aliuawa na jua, na alikuwa ndani, mlango umefungwa.

Cheka kwanza. Ukimaliza, nisikilize.

Kaka alikuwa zamu kwenye kituo cha umeme kilichojengwa juu ya mwamba mtupu. Mchana ule jua lilitema dhoruba. Huioni wala huisikii, ila inatikisa sumaku ya dunia, na umeme unazaliwa ardhini. Udongo wenye maji unaupitisha bila shida. Mwamba unaukataa, basi unapanda kwenye nyaya na kuingia kwenye transfoma.

Transfoma ikachemka, ikapasuka. Moto ukamkuta kaka chumbani. Tulizika kilichobaki.

Makao makuu kulikuwa na mtaalamu wa kukadiria hizo dhoruba kwa kompyuta. Walimwita Bingwa. Salamu za watu alizijibu kwa kidevu.

Msiba haujaisha, Bingwa akatangaza kwamba marehemu alikuwa mzembe. Eti alichelewa kuzima mtambo.

Mama hakulia tena. Alisema, "Jina la mwanangu halitalala na uchafu huo."

Tukaenda kwenye kikao cha uchunguzi. Wakafungulia simu ya mwisho ya kaka kwa Bingwa, iliyorekodiwa.

"Mkuu, inaunguruma vibaya. Niizime?"

"Acha woga, bwana. Kompyuta inasema kituo chako kiko salama."

"Kompyuta haiko hapa, mkuu."

"Zima bila ruhusa yangu, uone kama kesho una kazi!"

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Ile sauti ya kaka, jamani.

Bingwa hata jasho hakutoka. Akasimama, kifua mbele. "Hesabu zangu hazina kasoro."

Mwenyekiti akamuuliza, "Ardhi ya pale kituoni uliipima mwenyewe?"

"Kule ni mbali, na barabara ni mbovu. Tulipima hapa hapa, bustani ya ofisi."

"Bustani?"

"Ndiyo. Inamwagiliwa kila asubuhi, kwa hiyo vipimo vinatoka vizuri sana."

Mtu mzima, anajisifu! Katibu aliacha kuandika, akamtazama tu.

Jina la kaka likasafishwa siku ile ile.

Nje ya mlango Bingwa akamfuata mama, mkono mbele. "Pole sana, mama. Sayansi ndivyo ilivyo, tunajifunza kila siku."

Mama hakuupokea mkono.

"Umejifunza kwa mtoto wa nani?"

Mkono ukabaki hewani. Tukaondoka.

Wewe unayekadiria hatari ya mwenzako, nenda kwanza ukasimame anaposimama yeye. Kama safari inakushinda, basi na mdomo ufunge.