Binti Aliyenyamaza Makambako

Upumbavu wangu mkubwa, mwanangu, niliufanya nikiwa nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, bomani Njombe, enzi za Waingereza. Nilikuwa karani kijana, nimemaliza sekondari, na tangu nirudi kutoka shuleni sikutaka tena kwenda popote. Hata nilipotumwa Makambako, nilirudi na lori lilelile.

Nakumbuka siku ilipokuja ile rufaa. Baraza la wazee la Makambako lilikuwa limemfunga nyapara wa mashamba ya miwati, ile miti ya magome, kwa kumvamia na kumvunjia heshima binti mmoja, Agnesi, alipokuwa akitoka shambani. Nyapara akalalamika kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya aliyesikiliza rufaa: binti ni mwongo, alipoulizwa mara ya kwanza alinyamaza, mara ya pili akaeleza yote. Kama nyapara angeshinda, Agnesi angekutana naye tena kwenye njia ileile, kila akienda kupalilia.

Nikausoma mwenendo wa kesi, nikajikohoza. "Bwana, msema kweli hangoji. Huyu alikuwa anatunga."

"Ulimwona akisema?" Bwana Shauri akauliza.

"Hapana, bwana."

"Hata mimi sikumwona. Wao walimwona." Akamgeukia mzee wa baraza aliyeitwa kutoka Makambako. "Mlimsadiki kwa sababu gani?"

Mzee akanitazama mimi, si Bwana Shauri. "Mara ya kwanza baba yake alikuwa amekaa palepale. Binti wa Kibena ataje mambo hayo mbele ya baba yake? Tukamwomba baba yake atoke nje, ndipo binti akasema. Aliyeandika kesi hakuliandika hilo. Tena shangazi yake alimkuta jioni ileile nguo imechanika, akaambiwa maneno hayohayo. Karani, wewe mwana wa nani?"

Nikataja ukoo wangu, wa Kibena vilevile, kwa sauti ndogo. Rufaa ikatupwa.

Basi, mwanangu, ukija kukalia kiti cha rufaa, kumbuka umeshika karatasi, na karatasi haina uso. Waliomwona shahidi wapime wao. Wewe uliza wamesimama juu ya nini. Wakiwa wamemwamini kwa undugu tu, au wameruka ushahidi wa upande mwingine, tengua bila woga. Wakiwa na sababu, usiwapinge eti kwa kuwa wewe ungesema papo hapo. Mungu akupe masikio mapana, akupunguzie haraka niliyokuwa nayo.

Juzi nilimsimulia jirani yangu Mama Upendo habari hii, nikingoja anisifu. Akasema: "Wewe kutaka kuoa tu ulimtuma shangazi akamwambie baba yako, halafu ukamwita mtoto wa watu mwongo!"