Mji Ulioitwa Jicho la Nguruwe

Alasiri za Doha zina ukungu wa vumbi usioinuka wala kutua. Nilizoea kuketi dirishani katika nyumba ya binti yangu, huko Al Rayyan, mjukuu wangu akiwa begani, nikitazama majengo ya mbali yakielea kana kwamba yameninginizwa kwa uzi kutoka mbinguni. Kiyoyozi kilinguruma taratibu, nami nilisinzia na kuamka bila kujua mpaka wa hayo mawili.

Mtoto alikuwa bado mchanga. Nilitoka magharibi mwa Kenya kuja kumtunza ili mama yake arudi kazini, kwani binti yangu ni muuguzi. Mume wake alikuwa mlinzi, akilala kwenye nyumba za kampuni kule Industrial Area. Tulimwona Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko huku, na kwa hiyo ndiyo siku yetu ya kanisa.

Mwaka huo binti yangu alikuwa amekubaliwa kwenda kufanya kazi Marekani. Aliambiwa achague mmoja kati ya miji mitatu: Salem, Providence na Saint Paul, yote miji mikuu ya majimbo yao. Lakini la mji halikuwa zito. Zito lilikuwa la mtoto. Yeye na mume wake walikuwa wamekubaliana kwamba nirudi naye nyumbani, nimlee mpaka watakapotulia huko, kama wanavyofanya wengi. Hakuna aliyetaja ni lini. Mimi nilipokea kwa shukrani, maana nyumba yangu ilikuwa kimya tangu mume wangu aitwe na Bwana. Binti yangu naye alisema ni sawa. Ila asubuhi alimbusu mtoto, akafunga mlango, kisha nikasikia ukifunguliwa tena, akarudi kumbusu upya.

Nimekuwa katekista sehemu kubwa ya maisha yangu. Kila aliyenijia na jina la ubatizo nilimuuliza: aliyelibeba jina hili kabla yako ni nani, na alipitia nini? Asiyejua nilimwambia akaulize, arudi. Basi hata hiyo miji niliiuliza vivyo hivyo. Binti yangu alinipa simu yake ya zamani, nikavaa miwani, nikasoma mtoto akiwa amelala.

Nilishangaa jinsi watu wale walivyoita miji yao kama wanaosali. Providence uliitwa hivyo na mhubiri aliyefukuzwa kwao wakati wa baridi kwa sababu ya imani yake. Alipopata pa kuweka kichwa, akapaita kwa jina la ulinzi wa Mungu. Salem ni amani, jina kutoka kwenye Maandiko, ingawa wenyeji wa kale walikuwa na jina lao la mahali hapo, nalo, wasema wengine, lilimaanisha pa kupumzikia. Nilipoanza sikuacha. Nikaenda hadi miji ambayo hakuna aliyetuuliza habari zake: Sacramento, uliorithi jina la sakramenti kutoka kwa mto wake, Santa Fe, imani takatifu, na Topeka, jina la wenyeji linaloelezwa kuwa mahali pazuri pa kuchimbia viazi. Huo wa viazi niliupenda. Ni jina lililotoka kwa mtu mwenye jembe.

Saint Paul ndio ulionichekesha. Kabla ya kuwa wa Mtume, watu waliuita Jicho la Nguruwe, kwa jina la utani la muuza pombe mmoja mwenye jicho bovu. Padri akaja, akajenga kanisa dogo la magogo, akaliweka chini ya ulinzi wa Paulo, akawaomba watu mji nao ufuate jina la kanisa. Wakakubali.

Dereva aliyetupeleka kanisani huko Abu Hamour alikuwa Mwislamu wa Mombasa, mtu wa mzaha na heshima. Nilipomsimulia, alitikisa kichwa.

"Mama, mji huo hata nikipewa tiketi ya bure siendi."

Nikamwambia jina lilishabadilishwa zamani.

"Jina sawa. Na harufu je?"

Binti yangu alicheka akiwa kiti cha nyuma, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda. Kisha dereva akanieleza kwamba Rayyan, kwao Waislamu, ni mlango wa peponi wanaoingilia waliofunga. "Na nyinyi mnakaa hapo hapo mlangoni," akasema, "mnatafuta viza ya kwenda kwingine."

Neno lile lilinifuata usingizini. Alasiri moja niliota miji ile imepanga foleni mbele ya kisima cha ubatizo. Ilikuwa na miguu yenye vumbi, na kila mmoja umebeba mtoto. Nikauuliza wa kwanza, jina lako lilibebwa na nani? Ulinyoosha mikono, ukaniomba nimshike mtoto kidogo. Nikampokea, na wa pili akanipa wake, na wa tatu, mpaka mikono ikajaa. Nilipoinua macho, foleni ilikuwa imekwenda.

Niliamshwa na kilio cha mjukuu wangu. Alilia kilio cha mtoto asiyetaka chupa wala kubebwa. Kwetu, mtoto akilia hivyo, akina mama humwitia majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalolinyamazia, huyo ndiye anayetaka kukumbukwa. Mjukuu wangu alikuwa na jina tayari. Lakini nilikuwa bado nusu ndotoni, na majina yaliyokuja kinywani ni yale ya foleni.

Nikamtikisa, nikauliza, "Ni wewe, Salem?" Akalia. "Ni wewe, Providence?" Akazidi. Nikamwitia Sacramento, nikamwitia Santa Fe, nikamwitia hata Topeka ya viazi. Mwisho nikachoka, nikasema kwa sauti ya chini, "Basi, ni wewe, Jicho la Nguruwe?"

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, macho wazi, machozi bado mashavuni.

Mwili ulinisisimka, kwa sababu hata kwetu mara nyingi yule mjomba mlevi, ambaye hakuna aliyetaka arudi, ndiye mtoto anayemkubali. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama ukumbini na sare yake ya kazi, viatu mkononi. Nikamwambia mji umepatikana. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Alinawa mikono, akamchukua mtoto. Nikawatazama. Nikakumbuka mtoto aligeukia wapi.

Kesho yake alilia tena saa zile zile. Sikuita jina lolote. Nilimbeba, nikasali polepole, nikangoja. Ufunguo ulipogusa kitasa, akanyamaza.

Ijumaa, baada ya misa, mume wake alikuwa mezani nasi. Nilisubiri wamalize kula.

"Mwanangu, mtoto hakuunyamazia mji. Alikuwa amesikia ufunguo wako. Nenda naye."

Binti yangu aliweka kijiko chini. Alisema huko atakuwa peke yake, na zamu zitakuwa ndefu. Nikamjibu kwamba hata hapa zamu ni ndefu, na mtoto anamngoja. Mume wake akasema hajalala vizuri tangu siku walipokubaliana, na kwamba yeye atawafuata.

"Na wewe, Mama?" binti yangu akauliza. "Utarudi na nani?"

"Nilikuja na rozari. Nitarudi nayo."

Alichagua Saint Paul. Asubuhi ya safari dereva wetu wa Mombasa alibeba begi la mtoto hadi garini, akamwinamia na kumwambia kwa upole akifika huko awasalimie nguruwe.

Sasa wananipigia simu, na mtoto hunionyesha theluji dirishani akidhani naweza kuigusa. Jioni nikiwaombea, huutaja mji wao kwa jina la Mtume. Kisha, kwa kuwa Mungu aliujua tangu zamani, naongeza na lile jina la kwanza.